Maji, Damu na Msimbo: Uhakiki wa Lugha ya Kusajili Upungufu wa Maji Mwilini na Upungufu wa Ujazo wa Damu, kwa Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kusajili hali mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huonekana kama moja: upungufu wa maji mwilini na upungufu wa ujazo wa damu ndani ya mishipa. Matini zinazohakikiwa ni Ainisho la Kimataifa la Magonjwa katika toleo la 10 na la 11, orodha ya magonjwa ya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA) nchini Tanzania, na istilahi za Kiswahili zinazobeba dhana hizo. Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu yake Bariadi, umetumika kama mahali pa kupimia hoja. Inajengwa hoja kwamba neno "upungufu" limebebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake, na kwamba orodha ya MTUHA, pamoja na ubora wake katika kupima ukali wa hali, huyaona maji yanayopotea kwa njia moja tu.

1.0 Utangulizi

Rejesta ya zahanati haijazoeleka kuhesabiwa miongoni mwa matini zinazostahili uhakiki. Mhakiki wa Kiswahili huenda kwenye riwaya, utenzi, tamthiliya, na siku hizi kwenye khanga na maandishi ya daladala. Rejesta huachiwa watu wa takwimu. Hata hivyo, rejesta ina sifa zote za matini. Ina mwandishi, ambaye ni tabibu au muuguzi mwenye foleni mlangoni. Ina hadhira, ambayo ni halmashauri, mkoa na wizara. Ina kanuni kali za utanzu wake: safu zenye upana maalumu, orodha ya majina yanayoruhusiwa, na katazo lisiloandikwa la kutosimulia. Mgonjwa huingia akiwa na kisa chenye mwanzo na mtiririko. Hutoka akiwa jina moja la ugonjwa na alama ya vema katika safu ya umri.

Kazi ya Geoffrey Bowker na Susan Leigh Star, iliyochapishwa mwaka 1999, ndiyo iliyoonyesha kwa kina kwamba Ainisho la Kimataifa la Magonjwa si kioo kitupu cha maumbile. Ni zao la mapatano kati ya watu wenye haja tofauti: watakwimu, waganga, serikali, kampuni za bima. Wataalamu hao waliisoma orodha kama mtu asomavyo sheria, wakiuliza nini kimetajwa, nini kimekaliwa kimya, na nani atalipa gharama ya ukimya huo. Uhakiki huu unachukua maswali hayo na kuyaelekeza kwenye eneo dogo la orodha, lile la mwili uliopungukiwa na maji au damu, kisha unaongeza swali ambalo wao hawakuwa na sababu ya kuliuliza: hutokea nini jina hilo linapopita katika Kiswahili?

2.0 Kapu moja la E86

Toleo la 10 la Ainisho, lililoidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, linaziweka hali zote mbili chini ya msimbo mmoja, E86. Jina la msimbo huo, likielezwa kwa Kiswahili, ni kupungua kwa ujazo. Ujazo wa nini, jina lenyewe halisemi. Maelezo yaliyo chini yake yanataja kukaukiwa maji, kupungua kwa plazma au kwa maji yaliyo nje ya chembe, na kupungua kwa ujazo wa damu. Kisha yanafuata makatazo: mtoto mchanga aliyekaukiwa maji apelekwe P74.1, mshtuko unaotokana na kupungua kwa ujazo wa damu upelekwe R57.1; mshtuko wa jeraha T79.4, wa upasuaji T81.1. Msomaji makini ataona kwamba makatazo yanatofautisha vizuri kuliko jina linavyofanya. Hali ikiwa kali kiasi cha kuwa mshtuko, au ikiwa na chanzo kinachoonekana kwa macho, hutolewa kapuni. Hubaki kapuni kile kisichojulikana vyema.

Kifiziolojia, kapu hilo limechanganya mambo yasiyolingana. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na takriban theluthi mbili za maji hayo zimo ndani ya chembe. Plazma inayozunguka mishipani ni takriban lita 3 tu. Mtu anayeshinda juani akivuna pamba bila kunywa hupoteza maji kuliko chumvi, na hasara hiyo hugawanywa mwilini kote. Mishipa hubeba sehemu ndogo, kiu huwa kali, na mapigo ya moyo yaweza kukaa sawa kwa muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hupoteza kutoka mishipani moja kwa moja. Chembe zake zina maji ya kutosha, ngozi yake ikifinywa hurudi upesi, na bado anaweza kufa ndani ya saa chache. Wa kwanza ana upungufu wa maji na karibu hana upungufu wa ujazo wa damu. Wa pili ni kinyume chake.

Kinachofanya hali hizi zichanganywe ni kuhara. Kuhara majimaji huondoa maji pamoja na chumvi kwa wingi, kwa hiyo hukausha mwili na kupunguza ujazo wa mishipa kwa wakati mmoja. Kwa kuwa tiba ya kuhara ndiyo iliyowafundisha wahudumu wengi wa afya kutazama macho yaliyodidimia na ngozi isiyorudi, hali moja iliyo mchanganyiko imekuwa kielelezo cha hali mbili zilizo safi.

Marekebisho yamekuwapo. Marekani, katika toleo lake lenyewe la Ainisho la 10, iliugawa msimbo: E86.0 kwa kukaukiwa maji, E86.1 kwa kupungua kwa ujazo wa damu, E86.9 kwa hali isiyobainishwa. Toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, limeufanya mgawanyo huo kuwa wa dunia nzima: 5C70.0 na 5C70.1. Kwa nchi inayoelekea kutumia toleo la 11, mgawanyo huu si jambo la hiari tena, na ni lazima upatikane wa kuubeba katika lugha ambayo wahudumu wanafikiria kwayo.

3.0 Neno "upungufu" na wingi usio wingi

Kiswahili cha afya kimejenga familia kubwa juu ya neno moja. Kuna upungufu wa maji mwilini, upungufu wa damu, upungufu wa kinga, upungufu wa madini joto, upungufu wa lishe. Muundo huu una faida: unaeleweka mara moja na hata asiyesoma, na unaelekeza tiba, kwani kilichopungua huongezwa. Ndiyo maana hospitalini mtu "huongezewa maji" na "huongezewa damu", na dripu imepata heshima ambayo dawa ya chumvichumvi ya kunywa haijawahi kuipata licha ya sifa zake.

Nadharia ya istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster inadai istilahi moja kwa dhana moja. Dai hilo limekosolewa, na kwa haki, kwamba linaisahau lugha hai. Lakini katika rejesta dai hilo lina uzito, kwa sababu pale hakuna muktadha wa kuokoa maana. Chukuliwe "upungufu wa damu". Katika matumizi ya kitabibu nchini Tanzania istilahi hii imekwisha kutwaliwa na dhana ya uchache wa hemoglobini. Ndiyo iliyomo katika orodha ya MTUHA, ikiwa imegawanywa kwa ukali. Imeisukuma kando safura, neno la zamani ambalo lilihusishwa zaidi na minyoo na kupauka. Kwa dhana ya pili, ile ya damu kupungua mishipani kwa ujazo, hakuna jina lililobaki. Msemaji wa kawaida akisema mgonjwa "ameishiwa damu" anaweza kuwa anasema lolote kati ya mawili.

Mkanganyiko unazidi kwenye kipimo. Katika kliniki za wajawazito, kipimo cha hemoglobini huitwa kupima wingi wa damu, na mama huambiwa damu yake ni kumi, au kumi na mbili. Namba hiyo si wingi. Ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Ni ukolezo, kama sukari katika chai. Kikombe cha chai kikimwagika nusu, chai iliyobaki ni tamu vilevile. Mama aliyepoteza lita moja na nusu ya damu dakika ishirini zilizopita anaweza kupimwa akakutwa na "wingi wa damu" wa kumi na moja, kwa sababu kilichotoka na kilichobaki vina ukolezo uleule. Hemoglobini hushuka baadaye, mwili unapovuta maji kutoka nje ya mishipa kujaza pengo, au anapowekewa dripu. Kwa hiyo lugha ya kliniki, iliyobuniwa kwa nia njema ya kumrahisishia mama, inatoa jibu la "damu ipo" kwa swali la wingi katika saa ambayo wingi ndio unaoua.

Hapa ndipo kasoro ya istilahi inapoacha kuwa jambo la wanaisimu peke yao. Kifo cha uzazi kilichotokana na kuvuja damu baada ya kujifungua kina msimbo wake, O72, na huhesabiwa miongoni mwa vifo vyenye sababu ya moja kwa moja ya uzazi. Kikiandikwa "upungufu wa damu" na mtunza kumbukumbu akautafsiri kama istilahi inavyomwelekeza, kinaweza kuhamia O99.0, upungufu wa hemoglobini unaotatiza ujauzito, ambao ni sababu isiyo ya moja kwa moja. Mama ni yuleyule na damu ni ileile. Lakini katika safu ya kwanza kifo hicho kinadai dawa ya kukaza mji wa mimba, mkunga na gari la wagonjwa; katika safu ya pili kinadai vidonge vya madini ya chuma.

Mapendekezo ya kubuni jina la kigeni lililovikwa irabu, mfano wa "haipovolemia", hayana budi kukataliwa, si kwa uzalendo bali kwa sababu neno la namna hiyo litaandikwa na wachache na kusemwa na wachache zaidi. "Upungufu wa ujazo wa damu" unatosha. Ni mrefu kwa neno moja tu kuliko istilahi iliyopo, na neno hilo moja ndilo linalofanya kazi yote. Kilicho kigumu ni kuiondoa kliniki kwenye "wingi wa damu", kwani istilahi iliyozoeleka mdomoni haifutwi kwa waraka. "Ukolezo wa damu" ungefaa, na una bahati ya kueleweka jikoni.

4.0 Orodha ya MTUHA kama matini

MTUHA ulianza kutumika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukapitia marekebisho kadhaa, na kufikia mwaka 2013 taarifa zake za mwezi zilikuwa zikiingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2 nchi nzima. Rejesta ya wagonjwa wa nje ni Kitabu cha 5. Ya wagonjwa wa kulazwa ni Kitabu cha 14. Taarifa ya mwezi ya wagonjwa wa nje ina orodha ya magonjwa iliyopangwa mapema, na umri umegawanywa: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na miaka 60 kuendelea.

Katika orodha hiyo hakuna mstari unaolingana na E86. Kuna mistari mitatu ya kuhara: kusiko na upungufu wa maji, kwenye upungufu kiasi, na kwenye upungufu mkubwa. Chimbuko la ngazi hizi ni mwongozo wa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, ambao humwelekeza mhudumu kutafuta dalili na si vipimo. Mtoto aliyelegea au kupoteza fahamu, mwenye macho yaliyodidimia, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole mno, akiwa na mbili kati ya hizo ana upungufu mkubwa. Asiyetulia, anayekunywa kwa pupa, ambaye ngozi hurudi polepole, ana upungufu kiasi.

Kwa kipimo cha uandishi mzuri, hii ni orodha bora kuliko Ainisho. Kila ngazi imefungwa na kitendo. Upungufu mkubwa ni Mpango C: mtoto wa miezi kumi na minane mwenye kilo 10 atapewa mililita 1,000 za maji ya Ringa mshipani, 300 katika nusu saa ya kwanza na 700 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Upungufu kiasi ni Mpango B, mililita 75 za dawa ya chumvichumvi kwa kila kilo ndani ya saa nne. Msimbo wa E86 haumwambii mtu lolote la kufanya, na hautofautishi mtoto mwenye kiu na mtoto anayekata roho. Mhakiki anayeanza na dhana kwamba orodha ya kimataifa ni sanifu na ya nchini ni duni atakuwa ameanza vibaya.

Udhaifu wa orodha ya nchini uko kwingine. Imeufunga upungufu wa maji kwenye kuhara. Mtoto aliyeungua maji ya moto, ambaye hupoteza plazma kupitia ngozi iliyochunika, ataandikwa ameungua. Mgonjwa wa kisukari aliyekauka kwa kukojoa sana ataandikwa kisukari. Mzee aliyeshindwa kunywa kwa siku nne kwa homa ataandikwa malaria, au homa, au chochote kilichopimwa kikaonekana. Wote wanaweza kuhitaji maji yaleyale ya Ringa kutoka rafu ileile ya stoo, lakini ni wale wa kuhara tu wanaoacha nyayo katika takwimu. Mfamasia wa wilaya anayekadiria mahitaji ya maji ya mshipani kwa kutazama mstari wa kuhara kwenye upungufu mkubwa anakadiria sehemu tu, bila njia ya kujua ni sehemu gani.

Mtetezi wa orodha atasema, kwa haki, kwamba usajili hutafuta chanzo na si hali. Kisukari ni chanzo. Kukauka ni tokeo. Jibu ni kwamba orodha yenyewe imekwisha kuivunja kanuni hiyo. Kuhara pia ni tokeo, la virusi vya rota, la kipindupindu, la maji machafu. Orodha iliamua kwamba kwa kuhara ukali wa tokeo una maana kuliko jina la kidudu, kwa kuwa zahanati haina maabara ya kukitambua na tiba ni ileile. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kinachokosekana ni sababu ya kuukomesha hapo.

5.0 Simiyu: maji katika mchanga

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na kwa upande wa Busega kutoka Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157; ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Mtafiti anayetaka mfululizo wa takwimu za kuhara kwa miaka thelathini lazima akumbuke kwamba kabla ya mwaka huo Bariadi haionekani kama makao ya mkoa bali kama wilaya ya Shinyanga, na kwamba kijiji cha Busega kipo katika jedwali la mkoa mwingine kabisa. Hilo si kosa la mtu. Ni kikwazo ambacho tasnifu nyingi hukiruka kwa sentensi moja.

Ni Busega pekee inayogusa Ziwa Victoria. Kwingine kote ni nchi kavu ya mbuga za pamba, mtama na ng'ombe, ambamo mito hutiririka wakati wa mvua na kugeuka njia za mchanga wakati wa kiangazi. Watu huchimba katika mchanga huo na kuteka. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuyatoa maji ziwani na kuyapeleka katika wilaya za mkoa. Siku moja mtu atataka kujua kama bomba hilo limepunguza maradhi, na mizani ya kwanza atakayoikimbilia ni mistari ile mitatu ya kuhara. Itafaa, kwa kiasi. Ila mistari hiyo haitamwambia chochote kuhusu mtu aliyekauka kwa sababu hakuwa na maji ya kunywa, kwa kuwa mtu huyo hakuhara. Ukame wenyewe, yaani ukosefu wa maji kabla hata ya uchafu wake, hauna mstari.

Lugha ya mkoa huongeza tabaka jingine. Mama wa Kisukuma hueleza hali ya mwanawe kwa Kisukuma, ambamo maji ni minzi; tabibu aliyetoka Kilimanjaro au Mtwara husikia kwa Kiswahili, pengine kupitia kwa shangazi aliyemsindikiza; mara nyingi huandika kwa kifupisho cha Kiingereza; kisha mwisho wa mwezi kifupisho hugeuzwa tena kuwa mstari wa orodha. Tafsiri tatu hufanyika ndani ya dakika tano bila mfasiri. Katika safari hiyo dalili zinazoonekana husafiri vizuri. Utosi uliobonyea, macho yaliyoingia ndani, kinywa kikavu, machozi yasiyotoka: haya husemeka katika lugha yoyote, na mama huyaona mapema kuliko tabibu. Kisichosafiri ni kiasi. "Amehara sana" ni mara ngapi? "Damu nyingi" ni kitenge kimoja kilicholowa au vitatu?

Swali la kiasi lina uzito wa pekee mkoani kwa sababu ya kipindupindu. Mwanzoni mwa 2024 Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa na mlipuko wa ugonjwa huo. Katika ufafanuzi wa ufuatiliaji wa magonjwa uliotumika kwa miaka mingi barani Afrika, mahali ambapo kipindupindu hakijathibitishwa, mshukiwa ni mtu wa miaka 5 au zaidi aliyepata upungufu mkubwa wa maji, au aliyekufa, kwa kuhara majimaji kwa ghafla. Ufafanuzi wa karibuni umeushusha umri huo hadi miaka 2. Maana yake ni kwamba neno "mkubwa" katika mstari wa tatu ni kengele ya hatari. Mhudumu anayemshusha mgonjwa mmoja kutoka "mkubwa" hadi "kiasi", labda kwa sababu mgonjwa aliweza kunywa kidogo, amefanya uamuzi wa epidemiolojia bila kukusudia.

Tena, umri katika taarifa ya mwezi hauafikiani na ufafanuzi mpya. Safu ya mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5 inawachanganya watoto wa mwaka mmoja, ambao wengi huhara kwa sababu za kawaida, na wa miaka miwili hadi minne, ambao sasa wanahesabika kama washukiwa. Taarifa ya kila wiki ya magonjwa ya mlipuko inaweza kuziba pengo hilo wakati mlipuko umekwisha kutangazwa. Kabla ya kutangazwa, ndipo mtu angelihitaji jedwali la mwezi limwambie jambo, na jedwali haliwezi.

6.0 Gharama ya jina lisilo sahihi

Huenda msomaji akaona kwamba tofauti kati ya maji na ujazo ni ya vitabuni, na kwamba kitandani mgonjwa huwekewa dripu kwa vyovyote vile. Jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambapo kituo cha Tanzania kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, lilijibu dhana hiyo mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka. Watoto wenye kuhara walikuwa wametengwa na jaribio, na hilo ndilo jambo lenye maana hapa. Mikono baridi na mapigo ya haraka vilikuwa vimesomwa kama "upungufu", na upungufu huongezwa. Kumbe kwa wengi wao mzunguko ulikuwa umedhoofika kwa sababu nyingine, na kuongeza kuliwadhuru.

Hatari ya namna hiyo ipo pia kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Ngozi yake hurudi polepole kwa kukosa mafuta, macho yake yamedidimia kwa sababu hiyohiyo, na dalili zote za upungufu mkubwa wa maji zinaweza kuonekana bila upungufu wenyewe. Orodha ina mstari wa utapiamlo na ina mstari wa kuhara, lakini haina mahali pa kusema kwamba mmoja umeufanya mwingine usiaminike.

Kwa upande wa damu, ushahidi ni wa 2023. Jaribio lililohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, liliwapa wakunga mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mama kukusanya damu, pamoja na fungu la tiba linaloanza mara moja. Palipotumika mfuko, asilimia 93.1 ya waliovuja damu walitambuliwa. Palipoendelezwa makadirio ya macho, asilimia 51.1. Karibu nusu ya akina mama waliovuja hawakuwa wameitwa kwa jina la hali yao. Hakuna usimbaji, uwe wa toleo la 10 au la 11, unaoweza kuliandika jina ambalo mkunga hakulitamka. Hoja hii inawarudi wanaoamini kwamba tatizo la takwimu litatatuliwa kwa kuongeza misimbo. Mfuko wa plastiki wenye mistari ya mililita ni chombo cha lugha kuliko kamusi, kwa kuwa unageuza "nyingi" kuwa 500.

7.0 Nani aandike, na aandike nini

Bima imeingiza msomaji mpya katika matini hii. Fomu za madai za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya zinadai msimbo wa ugonjwa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaelekea kuwafanya watu wengi zaidi kusomwa kwa njia hiyo. Msimbo unaobeba malipo huvuta kalamu. Kapu la E86, kwa uwazi wake, linaweza kuhalalisha dripu kwa karibu mgonjwa yeyote aliyechoka, na mgawanyo wa toleo la 11 unaweza kupunguza hilo ikiwa tu kila upande utadai ushahidi wake: upande wa maji, dalili na kile kilichopotea, upande wa ujazo, mapigo, shinikizo la damu na kiasi kilichotoka. Bila hivyo, misimbo miwili itatumika kwa kubahatisha, na ubahatishaji wenye desimali huaminiwa kuliko ule usio nayo.

Zahanati ya kijijini Meatu haiwezi kupima chumvi ya damu, na hakuna haja ya kuitaka ijifanye inaweza. Inachoweza ni kuandika mambo mawili ambayo rejesta ya sasa haiulizi: nini kimepotea, maji au damu, na kimetokea wapi, tumboni, ukeni, kwenye jeraha, kwenye ngozi iliyoungua, au hakikutoka popote bali hakikuingia. Ngazi tatu za ukali zilizokwisha kuzoeleka zibaki, zisifungwe kwa kuhara peke yake. Kazi ya kuigeuza taarifa hiyo kuwa 5C70.0, 5C70.1 au O72.1 ifanywe na mtunza kumbukumbu wa halmashauri, ambaye ana meza, orodha na muda.

Pabaki cheti cha kifo. Fomu ya kimataifa humtaka mwandishi aanze na hali iliyoua moja kwa moja, kisha ashuke mstari kwa mstari hadi chanzo. Upungufu wa maji una haki ya kukaa mstari wa kwanza. Hauna haki ya kukaa peke yake. Cheti chenye "upungufu mkubwa wa maji" juu na mistari mitupu chini huishia E86, na marehemu huyo hatahesabiwa katika kipindupindu, wala katika kisukari, wala katika kuungua. Kwa uandikishaji wa vifo chini ya Sura ya 108 ya sheria za nchi, cheti kimekamilika: kina jina, tarehe na saini. Kwa mtafiti atakayelifungua jedwali la Bariadi miaka kumi baadaye akitafuta kipindupindu kilianzia kata gani, mstari wa pili uliokuwa mtupu ndio aliokuwa akiuhitaji.